Hitilafu ya Umeme si Jibu: Lugha ya Kuzuia Ajali za Umeme Kazini katika Gitega na Muyinga, Burundi

Ikisiri

Makala haya yanajadili nafasi ya lugha katika kuzuia ajali za umeme mahali pa kazi, kwa kurejelea miji ya Gitega na Muyinga nchini Burundi. Hoja kuu ni kwamba maneno yanayotumiwa kueleza ajali na kutoa tahadhari, hususan hitilafu ya umeme, shoti na kukata umeme, huchanganya hatari ambazo kinga zake ni tofauti. Panapokosekana tofauti katika neno, hukosekana pia katika uchunguzi wa ajali, katika ununuzi wa vifaa vya kinga na katika uokoaji. Makala yanaonesha mchanganyiko huo ulivyo, kisha yanapendekeza hatua chache zinazoweza kuchukuliwa na mamlaka za kazi na taasisi za Kiswahili za kikanda.

1.0 Utangulizi

Takwimu za Benki ya Dunia za mwanzoni mwa miaka ya 2020 zinakadiria kwamba nchini Burundi takriban mtu mmoja tu kati ya kumi ana umeme nyumbani. Takwimu hiyo husomwa mara nyingi kama habari ya maendeleo, lakini kwa mtaalamu wa usalama ina maana nyingine. Wafanyakazi wengi hawakukua na umeme. Hawakukemewa utotoni kwa kuchokoa soketi, wala hawakumwona mzazi akibadilisha fyuzi. Mara yao ya kwanza kuwa karibu na umeme kila siku ni kazini: kwenye mashine ya kusaga, karakana ya kuchomelea, saluni, kiwanda cha kukoboa kahawa au jengo linaloendelea kujengwa. Kwa watu hao mahali pa kazi ndipo shule yao ya umeme, na msamiati wa mahali hapo ndio mtaala.

Umeme wenyewe unaongezeka. Maporomoko ya Rusumo katika mto Kagera yana mtambo wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, na njia ya kilovolti 220 inaleta mgao wa Burundi hadi Gitega. Mubuga, katika eneo hilohilo la Gitega, pana kituo cha umeme wa jua cha megawati 7.5 kilichozinduliwa mwaka 2021. Aidha, Gitega imekuwa mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka 2019, jambo linaloleta ofisi mpya, ujenzi na mafundi kutoka sehemu nyingi. Muyinga kwa upande wake iko kaskazini-mashariki, kwenye barabara iendayo mpaka wa Kobero na Kabanga, ambako bidhaa na watu kutoka Tanzania hupita kila siku.

Hali ya lugha katika miji hiyo miwili haifanani na ile inayoandikwa katika sheria. Sheria ya Novemba 2014 kuhusu hadhi ya lugha inakitambua Kirundi kuwa lugha ya taifa, na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kiswahili hakimo katika orodha hiyo, ingawa hufundishwa shuleni tangu katikati ya miaka ya 2000, na ingawa ndicho lugha ya biashara ya mpakani na ya mitaa ya Waislamu tangu enzi za Wajerumani. Fundi umeme aliyepitia chuo cha ufundi amejifunza kwa Kifaransa. Kibarua wake anazungumza Kirundi. Mwenye duka aliyewauzia waya huenda ameuleta kutoka Tanzania na maelezo yake ni ya Kiingereza. Kiswahili huingia katikati yao kama daraja, na daraja hilo lina mbao zilizolegea.

2.0 Hitilafu ya umeme kama jibu

Alfajiri ya tarehe 7 Desemba 2021 moto uliteketeza sehemu kubwa ya gereza kuu la Gitega. Taarifa rasmi ya siku hiyo ilitaja vifo vya watu 38 na majeruhi zaidi ya 60. Gereza lililojengwa kwa ajili ya watu wapatao 400 lilikuwa na zaidi ya 1,500. Wizara inayohusika na mambo ya ndani ilieleza kwamba chanzo kilikuwa court-circuit. Moto mwingine ulikuwa umetokea katika gereza hilohilo mwezi Agosti mwaka huohuo, nao ulielezwa kwa neno hilohilo.

Gereza si mahali pa kazi kwa maana ya kawaida, japokuwa askari, wapishi na watumishi wengine hufanya kazi humo. Tukio hilo linatajwa hapa kwa sababu moja: maelezo yake ya kwanza ndiyo yale ambayo mamia ya moto midogo ya karakana na masoko ya Afrika Mashariki hupewa, na mara nyingi ndiyo ya mwisho. Kwa Kifaransa husemwa court-circuit. Katika magazeti na redio za Kiswahili husemwa hitilafu ya umeme. Neno la Kiswahili ni pana zaidi, na kwa hiyo lina hasara zaidi.

Ni vyema kueleza kwa nini. Waya wenye umeme unapogusana na waya wa kurudisha bila kupitia kifaa chochote, mkondo hupanda ghafla, na joto huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo huo. Lakini fyuzi au swichi inayojikata yenyewe imewekwa kwa ajili ya tukio hilo hasa. Ikiwa ni ya ukubwa unaofaa, hukata mkondo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Hivyo, moto unapozuka kwa mgusano wa nyaya, swali linaloanza ni: kinga ilikuwa wapi? Je, fyuzi iliondolewa na mahali pake pakawekwa kipande cha waya mnene? Je, swichi ya ampia 16 ilibadilishwa kwa ya 40 ili isijikate mara kwa mara?

Pia kuna moto usio na mgusano wowote wa nyaya. Kiungo kilicholegea, kwa mfano nyaya mbili zilizosokotwa na kufungwa kwa mfuko wa plastiki, hutoa joto na cheche ilhali mkondo haujavuka kiwango. Fyuzi haitaona kitu. Vilevile soketi moja inayobeba pasi, jiko na mashine ya kunyolea hupitisha mkondo unaopasha waya moto polepole kwa miezi, mpaka ganda la waya likauke na kupasuka. Na kuna jambo la nne ambalo wachunguzi wa moto wanalijua vizuri: moto ulioanzishwa na mshumaa au jiko la mkaa huyeyusha maganda ya nyaya, nyaya zikagusana, na kesho yake vitone vya shaba vilivyoyeyuka huoneshwa kama ushahidi wa chanzo. Katika hali hiyo mgusano ni matokeo ya moto.

Hali hizo nne zinadai hatua nne tofauti, na zote huandikwa kwa maneno yaleyale matatu. Mwandishi wa habari hapaswi kulaumiwa; yeye hupokea anachoambiwa. Tatizo lipo pale fomu ya ajali ya ofisi inapokubali maneno hayohayo kama jibu kamili. Kisarufi, hitilafu ya umeme ni kirai kisicho na mtendaji: hakuna aliyeunganisha, aliyekagua, wala aliyekataa kununua. Umeme wenyewe ndio ulioasi. Hapa inafaa kukumbuka kwamba Kiswahili hutumia neno moja, umeme, kwa mmweko wa angani na kwa nguvu ya kwenye waya, na Kirundi husema umuyagankuba, yaani umuyaga, upepo, na inkuba, radi. Si lazima kudai kwamba maneno hayo huwafanya watu waone ajali ya umeme kuwa ni kudra. Ila hayawazuii kuiona hivyo.

3.0 Shoti moja, hatari mbili

Katika Kiswahili cha mazungumzo, hasa kinachotoka Tanzania na kuenea hadi Muyinga, neno shoti lina maana mbili. Nyumba imepiga shoti: nyaya zimegusana. Mtu amepigwa shoti: mkondo umepita mwilini. Kifaransa cha mafundi hutenganisha mambo hayo waziwazi. Huita la kwanza court-circuit, na la pili électrisation, kisha huweka neno électrocution kwa ajili ya kifo. Kiswahili sanifu kina mkondo, volteji na ukinzani kutoka katika istilahi za fizikia zilizosanifishwa miaka mingi iliyopita, lakini istilahi hizo zilibaki darasani. Karakanani limetawala neno shoti.

Athari ya mchanganyiko huo ni ya vitendo. Mwenye karakana akiambiwa kwamba lazima ajikinge na shoti, hununua fyuzi au swichi ya kujikata, na huamini kwamba amemaliza. Hesabu fupi inaonesha sivyo. Ukinzani wa mwili wa binadamu hukadiriwa kuwa karibu omu 1,000, na hupungua ngozi inapolowa. Kwa volti 220, mkondo utakaopita ni kama ampia 0.22, yaani miliampia 220. Misuli ya mkono hushindwa kuachia waya kwa takriban miliampia 10, na kuanzia miliampia 30 mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika ikiwa mkondo utaendelea kupita. Swichi ya ampia 16 inasubiri mkondo mkubwa zaidi ya mara 70 ya ule unaomuua mfanyakazi. Kwa swichi hiyo, mtu anayekufa ni kama balbu ya kawaida iliyowashwa.

Kinga ya mwili ni kitu kingine. Ni swichi inayolinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, ikaona tofauti ya miliampia 30 inayovuja kupitia mtu au ukuta, ikakata. Waliosoma kwa Kifaransa huiita différentiel. Kiswahili cha sokoni hakina jina lake lililotulia, na kitu kisicho na jina ni vigumu kukiomba dukani. Mteja wa Muyinga anayejua neno la swichi tu atapewa swichi tu. Hapa istilahi inagusa maisha moja kwa moja. Neno kama swichi ya mvujo lingetosha, ni jepesi na linaeleza kazi ya kifaa. Linalohitajika ni taasisi ya kulikubali na wauzaji wa kulitumia.

4.0 Kupigwa, kurushwa, kunaswa

Kiswahili kina vitenzi vitatu vya kawaida kwa mtu aliyepatwa na umeme: amepigwa, amerushwa, amenaswa. Kwa kawaida huchukuliwa kuwa visawe. Havifanani. Kupigwa ni tendo la mara moja: pigo limetua na limekwisha. Kurushwa ni kuachana na waya. Kunaswa ni hali inayoendelea, kama ndege kwenye ulimbo, na ndicho kitenzi kinachoeleza kwa usahihi kinachotokea mkondo wa kupishana unapokaza misuli ya kiganja mpaka kiganja kishindwe kufunguka.

Tofauti hiyo humwelekeza mwokoaji. Anayesikia mwenzake amepigwa hukimbia kumkumbatia na kumwinua. Akiwa bado kwenye waya, wanakuwa wawili. Anayesikia amenaswa hujiuliza kwanza kilichomnasa. Kwa sababu hiyo, mafunzo ya huduma ya kwanza kwa Kiswahili yangefanya vyema kuchagua kunaswa kuwa kitenzi cha msingi, na kupanga maelekezo yake kwa mfuatano usiobadilika: zima kwenye swichi kuu, usipoifikia, simama juu ya ubao mkavu na umtenge kwa mti mkavu, ndipo umguse, uangalie pumzi, na uanze kukandamiza kifua ikiwa hapumui. Maelekezo hayo yanahusu umeme wa nyumbani na karakanani tu. Kwenye nyaya za msongo mkubwa hakuna mti mkavu wa kutosha.

Jambo hilo linahusu pia vibao vya tahadhari. Usiguse waya ni onyo sahihi kwa soketi, na ni onyo pungufu kwa nguzo za kilovolti 30. Msongo huo unaweza kuruka hewani hadi kwenye nondo au ngazi ya bati kabla ya kuguswa. Kanuni za usalama za Ufaransa zinaweka umbali wa mita 3 kwa nyaya zilizo chini ya kilovolti 50 na mita 5 kwa zinazofikia au kuzidi kiwango hicho. Kibarua wa ujenzi Gitega anayepandisha nondo ya mita 6 hadi ghorofa ya pili hana nia ya kugusa waya, na kwa hiyo amelitii onyo. Kitenzi kinachomfaa ni usikaribie, na karibu na kitenzi hicho iandikwe tarakimu ya mita.

5.0 Umekatika au umekatwa

Kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa hutofautiana kwa irabu na konsonanti chache, na katika kazi ya umeme tofauti hiyo inaweza kuwa ya uhai na mauti. Umeme umekatika maana yake haupo, kwa sababu isiyo mikononi mwa msemaji: mgao, au nguzo iliyoanguka. Umeme umekatwa maana yake kuna mtu aliyeukata, anajulikana, na ndiye pekee anayepaswa kuurudisha. Katika mazungumzo ya haraka, maneno haya hubadilishana nafasi. Fundi hukuta mashine ya kusaga imesimama, huambiwa umeme hakuna, huingiza mkono kwenye mkanda na nyaya, na umeme hurudi. Shirika la umeme, REGIDESO, halikumwahidi chochote. Wala mwenye mashine.

Utaratibu unaokubalika duniani kwa kazi hii ni wa hatua chache: kutenganisha, kufunga swichi kwa kufuli, kuweka kibao chenye jina la aliyefunga, na kupima kwa testa kwamba kweli hakuna umeme, baada ya kuijaribu testa yenyewe mahali penye umeme. Katika hatua hizo, kupima ndiko kunakoachwa zaidi, kwa kuwa taa iliyozimika huhesabiwa kuwa kipimo. Jenereta huongeza hatari: ikiunganishwa na nyaya za jengo bila swichi ya kugeuzia, hurudisha umeme kwenye njia ambayo fundi wa nguzo anaamini imekufa.

Kituo kama cha Mubuga kinaleta hali ambayo hata kitenzi kuzima hakiimudu. Paneli ya jua hutoa volteji maadamu kuna mwanga. Swichi hutenganisha paneli na mtandao, haiizimi. Umeme wake ni wa mkondo mnyoofu, ambao cheche zake haziko tayari kufa kama za mkondo wa kupishana. Kadiri paneli zinavyopanda juu ya paa za zahanati na maduka, mafunzo yanayoanza na zima umeme kwanza yatahitaji kuandikwa upya.

6.0 Rangi na plagi kwenye njia ya Kobero

Lugha ya umeme haina maneno tu. Rangi za nyaya ni sarufi, na katika Muyinga sarufi mbili hukutana. Utaratibu wa zamani wa Uingereza, uliorithiwa na nchi jirani, unatumia nyekundu kwa waya wa moto, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa ardhi. Katika mashine za awamu tatu, waya za moto ni nyekundu, njano na buluu. Utaratibu wa Ulaya, ambao ndio wa mafundi waliofunzwa kwa Kifaransa, unatumia buluu kwa nyutro, kahawia, nyeusi na kijivu kwa moto, na kijani-njano kwa ardhi. Uingereza yenyewe iliuhamia kikamilifu mwaka 2006, lakini majengo na maghala hayakuhama siku hiyo.

Tokeo ni kwamba nyeusi ni nyutro kwa mmoja na moto kwa mwingine, na buluu ni kinyume chake. Mashine ya kusaga iliyofungwa nyaya Tanzania kwa mtindo wa zamani, ikafunguliwa na fundi wa Muyinga aliyefunzwa kwa mtindo wa Ulaya, imeandikwa kwa lugha inayotumia herufi zilezile kwa sauti nyingine. Hakuna mmoja wao aliyekosea.

Plagi nazo zina historia hiyo. Plagi ya pini tatu bapa inayotumika Tanzania ina fyuzi ndani yake na pini ndefu ya ardhi. Haiingii katika soketi ya mviringo ya Burundi. Suluhisho jepesi ni kuikata na kufunga plagi ya pini mbili. Kwa mkato huo mmoja, kifaa kinapoteza fyuzi iliyolinda waya wake mwembamba na kinapoteza ardhi iliyolinda mwili wa mtumiaji, ilhali kinafanya kazi kama kawaida. Hakuna dalili yoyote mpaka siku waya wa ndani utakapogusa bodi ya bati.

7.0 Sheria, ukuta na fomu

Kanuni ya Kazi ya Burundi iliyorekebishwa tarehe 24 Novemba 2020 inamtaka mwajiri alinde usalama na afya ya wafanyakazi. Juni 2022 Mkutano wa Kimataifa wa Kazi uliingiza mazingira salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi kazini, na hivyo kuzibana nchi zote wanachama. Kisheria, basi, wajibu upo. Kinachopungua ni njia ya kutoka kwenye maandishi hadi kwenye sikio la kibarua. Nchi jirani zina somo la kadiri: Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na vibao vya hatari vya Kiswahili ni vya kawaida, hata hivyo shoti imebaki shoti. Kuwa na Kiswahili ukutani hakutoshi ikiwa Kiswahili chenyewe kimechanganya.

Pendekezo la kwanza linahusu fomu ya taarifa ya ajali, kwa sababu ni la gharama ndogo kuliko yote. Wakaguzi wa kazi na mfuko wa hifadhi ya jamii wasikubali court-circuit au hitilafu ya umeme kama jibu la mwisho. Mahali pa jibu hilo pawe na maswali: nyaya ziligusana, zilielemewa, au kiungo kililegea? Kinga gani ilikuwepo na ya ukubwa gani? Nani aliifunga mara ya mwisho? Fomu iwe kwa Kirundi na Kifaransa, na kwa Kiswahili katika maeneo ya mpakani.

La pili ni orodha fupi ya istilahi, isiyozidi maneno 40, inayotayarishwa na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki pamoja na mafundi wenyewe. Kiswahili na Kifaransa vilipokubaliwa mwaka 2021 kuwa lugha rasmi za Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Kiingereza, kazi ya namna hii ilipata msingi wa kitaasisi. Orodha hiyo isianze na kamusi ya Kiingereza. Ianze na hatari: kila neno litenge hatari moja na kinga yake, na maneno ya karakanani yatumike kila yanapofaa, kama kunaswa na waya wa moto. Neno shoti libaki kwa mgusano wa nyaya pekee. Safu ya Kirundi iandikwe na wanaisimu wa Kirundi. Kuitafsiri kutoka Kiswahili kutazalisha mkanganyiko mpya.

La tatu linahusu mpaka. Katika kituo cha pamoja cha Kobero na Kabanga, bidhaa za umeme hukaguliwa kwa ajili ya ushuru. Karatasi moja yenye picha za rangi za nyaya za mitindo miwili, na picha ya plagi iliyokatwa yenye msalaba juu yake, inaweza kuambatanishwa na kila mashine inayopita. Kwenye karatasi hiyo maneno yawe machache, na mstari wa kwanza uwe: pima kwa testa, usiamini rangi.